Anayeyachezesha Maji: Ufafanuzi kwa Anayetaka Kujitolea Kutunga Maonyesho ya Chemchemi za Muziki

Video za chemchemi ya Dubai zimezunguka sana kwenye simu za watu huku pwani, na dhana inayozunguka nazo ni kwamba chini ya yale maji kuna kifaa kinachosikiliza wimbo: ngoma ikilia kwa nguvu, nacho kinarusha maji juu. Vifaa vya namna hiyo vipo kweli. Vinauzwa kwa ajili ya mabwawa ya bustanini na mapambo ya kumbi. Ukivitazama kwa dakika mbili tatu utaona kasoro yake: maji yanafika kileleni wakati pigo lililoyaita limeshapita. Mtazamaji huenda asiweze kusema kilichoharibika, lakini anachoka upesi na kugeukia mambo mengine.

Chemchemi inayocheza sawasawa haisikilizi chochote. Kila mruko wa maji umeandikwa mapema na mtu, kwa sekunde na sehemu za sekunde, na ipo miji ambayo mtu huyo halipwi hata senti. Anajitolea. Nawaandikia hasa wenzangu wa Bagamoyo, kwa sababu naamini mji huu una watu walioiva kwa kazi hii bila wao wenyewe kujua.

Tuanze na kinachoifanya kazi iwe ngumu, nacho ni mvutano wa dunia. Maji yakishatoka kwenye nozeli, yaani ule mdomo unaoyarusha, pampu haina tena la kuyafanyia. Yanapanda kwa kasi yaliyotoka nayo, dunia inayavuta, kasi inapungua mpaka inaisha, kisha yanarudi chini. Muda wa kupanda unapatikana kwa fizikia ya sekondari: zidisha kimo kwa 2, gawanya kwa 9.8, tafuta kipeuo cha pili. Mruko wa mita 1.25 unafika kileleni kwa nusu sekunde. Wa mita 5 unachukua sekunde 1, wa mita 20 sekunde 2, wa mita 45 sekunde 3. Kimo kikiongezeka mara nne, muda unaongezeka mara mbili. Hewa nayo inayakwaza maji, hivyo vipimo vya bwawani huachana kidogo na kanuni, na mtunzi makini hupiga video ya kila aina ya nozeli aliyonayo ili apate muda wake halisi.

Sasa chukua wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa wimbo wa kuchezeka. Kila pigo ni nusu sekunde. Ukitaka mruko wa mita 20 ufike kileleni pale mwimbaji anapolitamka neno zito, lazima uuachie mapigo manne kabla, wakati mwimbaji mwenyewe hata hajavuta pumzi. Mruko mdogo wa mita 1.25 ulio kando yake unauachia pigo moja tu kabla. Amri mbili zinatoka kwa nyakati tofauti ili maji yafike pamoja. Kushuka nako kuna gharama yake: ukifunga njia ya ule mruko mkubwa, maji ya mwisho kutoka yatakaa hewani sekunde 4, kupanda na kushuka. Wimbo unaokatika ghafla unataka maji yafungwe sekunde 4 kabla ya kukatika, la sivyo kimya kitajaa mshindo wa maji yanayoanguka, na pale ndipo watu hunong'onezana kwamba mitambo imeharibika.

Juu ya hesabu hiyo weka uzito wa mitambo. Vali ya umeme, yaani kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji, hufunguka upesi sana, lakini pampu kubwa inayoanza ikiwa imesimama huhitaji muda kufikia kasi yake, na mabomba huhitaji muda kujaa. Wajenzi wamepata njia mbalimbali za kupambana na hilo. Wengine huacha pampu zikizunguka muda wote na kuziachia vali kazi ya kufungua na kufunga. Kwenye ziwa la Bellagio, Las Vegas, miruko ya ghafla husukumwa na hewa iliyoshindiliwa, ndiyo maana inapaa na kukatika kama risasi. Mtunzi halazimiki kuijenga mitambo hiyo, ila asipoijua atakuwa anaiandikia chemchemi asiyo nayo.

Hapa ndipo Bagamoyo inapoingia. Mtu aliyekulia kwenye ngoma hahitaji kufundishwa upya jambo hili. Mchezaji aliyevaa njuga miguuni anajua kwamba sauti ya njuga inatoka mguu unapotua, kwa hiyo mguu lazima uinuliwe mapema. Anayesubiri pigo ndipo ainue mguu amechelewa. Mpiga ngoma anayeongoza naye hubadili mdundo kabla ya wachezaji kubadili hatua, nao husikia ule wito na kujiweka tayari. Kuita kabla, kufika kwa wakati. Chuo cha Sanaa kilianza hapa mwaka 1981, leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, na kwa miongo zaidi ya minne vijana wamekuwa wakifundishwa kupanga miili jukwaani kwa nidhamu hiyo hiyo. Mwanafunzi wa uhandisi anaweza kujifunza kanuni ya mvutano kwa saa moja. Masikio ya kujua wimbo unaelekea wapi huchukua miaka, na hayo wenzetu wanayo tayari.

Kabla ya kompyuta, muda wote huu ulikuwa mikononi mwa mtu. Mjerumani Otto Przystawik, aliyebuni maji yanayocheza kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, aliyaendesha kwa meza ya swichi ambayo mwendeshaji aliicheza papo hapo, muziki ukiendelea. Mwaka 1953 maonyesho yake yalifika kwenye ukumbi wa Radio City Music Hall, New York, na kutoka hapo habari zikaenea. Barcelona ilikuwa imetangulia kwa njia nyingine: chemchemi ya Montjuïc, kazi ya Carles Buïgas, ilifunguliwa mwaka 1929 ikiwa ni maji na taa tu, na muziki uliongezwa miaka ya 1980. Naitaja kwa sababu inathibitisha kwamba maji na mwanga vina mwendo wao wa kutazamika hata bila wimbo, na mtunzi mzuri huuheshimu mwendo huo badala ya kuulazimisha.

Lakini mji ambao kila anayetaka kujitolea anapaswa kuufahamu ni Grand Haven, mji mdogo wa jimbo la Michigan, Marekani, pale mto Grand unapoingia Ziwa Michigan. Mwaka 1962 wenyeji walijenga chemchemi ya muziki kwenye kilima kilicho ng'ambo ya mto. Wazo lilisukumwa na William Creason, daktari wa meno wa mji huo, na mhandisi William Booth akaibuni. Nguvu kazi ilikuwa ya kujitolea. Ilihesabiwa kuwa kubwa kuliko zote za aina yake duniani mpaka Bellagio ilipofunguliwa mwaka 1998 ikiwa na nozeli zaidi ya 1,000 na maji yanayopanda hadi kama mita 140; ile ya Dubai, ya mwaka 2009, ikafika mita 150. Hizo mbili ni kazi ya kampuni moja, WET, yenye wabunifu wa kuajiriwa. Grand Haven iliendelea na njia yake. Watu hukaa kwenye ngazi za ukingo wa mto jioni za kiangazi, bure, na maonyesho wanayoyaona yametungwa na watu wa kujitolea: watu wenye kazi zao za mchana, ambao usiku hukaa na kompyuta wakiupangia wimbo mmoja maji yake.

Wanachofanya usiku huo ni hiki. Chemchemi imegawanywa katika makundi: nozeli zilizosimama wima, zinazoyumba, zinazotandaza maji kama pazia, zinazotoa ukungu, pamoja na taa za rangi. Kila kundi lina chaneli yake ya kupokea amri. Mitambo mingi ya maonyesho hutumia lugha ya mawasiliano iitwayo DMX512, iliyowekwa mwaka 1986 kwa ajili ya taa za majukwaa. Waya mmoja unabeba chaneli 512, na kila chaneli inapokea namba kati ya 0 na 255. Kwa pampu, 0 inaweza kuwa kusimama na 255 kasi yote. Kwa taa, chaneli tatu za nyekundu, kijani na buluu zinachanganywa kupata rangi. Kwenye kioo cha kompyuta wimbo unaonekana umelala kama utepe, chini yake mistari ya chaneli, na mtunzi anaweka namba zake mahali zinapostahili. Wimbo wa dakika 4 wenye mapigo 120 kwa dakika una mapigo 480. Ukiwa na makundi kumi tu ya maji, hapo pana nafasi 4,800 za kuamua kitu. Nyingi utaziacha tupu, na kuziacha tupu nako ni uamuzi.

Programu za kuanzia hazina malipo. Audacity inakuwezesha kuusikiliza wimbo na kubandika alama kila pigo linapoanguka. xLights, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaopamba nyumba zao kwa taa zinazofuata muziki, inapokea alama hizo na kutoa amri za DMX. Zipo pia programu za kulipia zinazochora maji yenyewe kwenye kioo, ukaona miruko ikipanda kabla ya tone moja kutoka bombani. Kwa anayejitolea, kuona huko ni jambo kubwa, kwa sababu nafasi ya kukaa na chemchemi yenyewe huwa chache. Haiwezekani kuiwasha usiku wa manane mbele ya nyumba za watu kila unapotaka kujaribu sekunde tatu za wimbo.

Mbinu inayookoa kazi nyingi ni kutunga kwanza kilele, yaani mahali ambapo kila kitu kitakuwa angani, kisha kurudi nyuma ukihesabu kila kundi liachiwe lini. Wanaoanza huandika kuanzia sekunde ya kwanza kwenda mbele, na wakifika kwenye kiitikio wanakuta wameshatumia miruko yote mikubwa kwenye utangulizi. Hapo hawana tena pa kupanda.

Uchaguzi wa muziki ndio unaoniumiza kichwa zaidi, na ndio ninaoupenda. Si kila wimbo mzuri unachezeka na maji. Ilimba ya Wagogo, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliishi nayo hapa Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, inatiririsha noti nyingi kwa sekunde moja. Mruko wa mita 10 unahitaji karibu sekunde moja na nusu kupanda peke yake. Hauwezi kuzifuata noti hizo, na ukijaribu utapata fujo. Ila muziki huo una tabaka mbili. Noti za haraka zipe taa na vimiruko vya chini ya mita moja, kisha sauti ndefu za waimbaji zipe maji marefu yanayopanda taratibu. Taarabu ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu vinanda huvuta sauti na mwimbaji hachelei kukaa juu ya neno. Mdundiko wa Wazaramo unatembea, nao unataka maji yanayotembea: kundi moja likifunga, la jirani linafungua, wimbi linasafiri kutoka upande mmoja wa bwawa hadi mwingine. Singeli kwa wimbo wa kwanza ningeikwepa kabisa, maana kasi yake inamlazimisha anayeanza kufungua na kufunga kila kitu kwa kila pigo, na jicho la mtazamaji halipati pa kutua.

Tena maji yana sauti. Miruko mikubwa ikianguka pamoja inafunika filimbi, zeze na sauti ya kunong'ona. Penye muziki mwembamba shusha maji, acha ukungu na mwanga, au acha bwawa litulie kabisa. Umbali wa mtazamaji nao uhesabiwe, kwa kuwa sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde: aliye mita 100 kutoka kwenye spika husikia karibu theluthi moja ya sekunde baadaye, wakati mwanga umemfikia papo hapo. Ndiyo maana spika hupendeza zikikaa karibu na watu, na mahali pa kupimia kama maji na wimbo vimekutana ni pale watu wanapokaa, si kwenye chumba cha mitambo.

Tukiileta kazi hii ufukweni kwetu, hali ya hewa inakuwa mtunzi mwenza. Bagamoyo inatazama mashariki, bahari mbele yake. Kusi hutawala sehemu kubwa ya katikati ya mwaka, kaskazi huja karibu na mwisho wa mwaka na kuendelea hadi Februari au Machi, na karibu kila mchana kuna upepo wa bahari unaoingia nchi kavu. Upepo huyasukuma maji kuelekea mjini, kwa waliokaa. Chemchemi kubwa hufungwa kipima upepo kinachopunguza kimo upepo ukizidi, lakini kimo kikipungua muda wa kupanda nao unapungua, na hesabu zote za kuachia mapema zinaharibika. Anayejitolea kwa dhati huandika matoleo mawili ya kila wimbo, la jioni tulivu na la jioni yenye upepo, kila moja na hesabu zake. Bahati yetu ni giza. Kule Grand Haven jua la Juni huzama baada ya saa tatu usiku, watoto wakiwa wameshaanza kusinzia. Hapa saa moja na nusu usiku, mwaka mzima, kumeshakuwa giza la kutosha kwa taa kuonekana.

Maji ya bahari yasitumike, hata kama yako hatua chache tu. Chumvi inakula chuma, inaziba nozeli, na vumbi lake linatua kwenye spika na nyaya. Maji baridi yanayozungushwa tena na tena ndiyo njia, na yanayopungua kwa upepo na joto yaongezwe. Usafi wake usichukuliwe kijuujuu. Bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa mkali wa mapafu, hustawi kwenye maji ya kati ya nyuzi joto 25 na 45, na maji yaliyokaa kwenye jua la pwani yako humo kabisa. Mtu huambukizwa kwa kuvuta matone madogo ya ukungu, kitu ambacho chemchemi inakitengeneza kwa makusudi. Dawa ya klorini, kuchuja na kupima ni kazi ya kila siku, na iwe na mtu anayeitwa kwa jina. Umeme wa ndani ya bwawa uwe wa volti ndogo, 12 au 24, na ufungwe na fundi umeme mwenye leseni. Mtunzi wa kujitolea asiingize mkono majini mitambo ikiwa imewashwa, hata akiombwa na nani.

Kuanza hakuhitaji ziwa. Pampu ndogo tano za volti 12, beseni pana au simtanki iliyokatwa, mabomba ya plastiki, bodi ya Arduino (kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa) na betri vinatosha kujifunzia yote niliyoyaeleza, kasoro ukubwa. Miruko ya nusu mita hupanda kwa takriban sehemu ya tatu ya sekunde, hivyo makosa ya muda yanaonekana wazi. Ukitaka kukadiria mtambo wa uwanjani, nozeli 10 zinazorusha lita 1 kila sekunde hadi mita 5 zinahitaji kinadharia wati 490, na ukihesabu upotevu wa pampu na mabomba, panga kilowati 1 hivi. Hiyo ni chini ya pasi ya umeme au jiko dogo. Kwenye tamasha la kila mwaka la TaSUBa, kando ya jukwaa, mtambo wa kiasi hicho ungetosha kuwafanya wachezaji wa jukwaani na maji wasalimiane. Hilo ningependa sana kuliona, na sioni kinacholizuia zaidi ya watu watatu wanne kukaa chini pamoja: mpiga ngoma, fundi bomba, fundi umeme na kijana wa kompyuta.

Kwa anayetaka kujitolea mbali, faili la onyesho ni dogo na linasafiri kwa intaneti bila shida. Kigumu ni kuaminiwa. Wenye chemchemi wanakukabidhi mitambo ya gharama, na amri mbaya, mfano kufungua na kufunga vali kubwa kwa kasi mno, hutikisa mabomba kwa kishindo na kuweza kuyapasua. Anza kwa kuomba ramani ya chaneli na mipaka ya mitambo yao, tunga dakika moja tu ya wimbo, kisha uwatumie pamoja na video ya mfano wa kompyuta. Dakika moja iliyokamilika inasema mengi kuliko barua ndefu.

Mambo ya haki yaandikwe kabla ya kazi. Kujitolea hakumwondolei mtu sheria: kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye wimbo unapopigwa hadharani, kiingilio kiwepo kisiwepo, na ina sehemu inayolinda sanaa za jadi pia. Kibali kiombwe na mwenye chemchemi, kwa jina lake, kutoka kwa mwenye wimbo au chombo kinachomsimamia haki zake. Miondoko ya maji uliyoitunga nayo ni kazi yako. Mkubaliane kama wanaweza kuibadilisha, kuiuza kwa mwingine, na kama jina lako litatajwa onyesho linapoanza. Unapokabidhi faili, ambatanisha karatasi yenye toleo la wimbo ulilotumia hadi urefu wake kwa sekunde, muda wa kupanda ulioupima kwa kila kundi, kikomo cha upepo kwa kila toleo, na mahali ulipokaa ulipolipima onyesho.